Misri na mama mstaafu: kundi la siku 8 lenye kila mahali au siku 10 za Cairo na meli ya Mto Nile?

BintiNyamagana

Habari za jioni wadau, wakubwa wote shikamooni.

Naombeni msaada hasa nyie mliokwisha kwenda Misri na haya makundi ya utalii. Mama yangu kastaafu ualimu, kafundisha historia sekondari tangu sijazaliwa, na Misri ndo mada yake ya moyoni, alikuwa anachora piramidi ubaoni kwa chaki za rangi mpaka leo wanafunzi wake, watu wazima na familia zao, wakikutana nae sokoni wanamkumbusha. Ila kufika hajawahi. Sasa mimi na kaka zangu tumechanga tumpeleke na mimi ndo nitaongozana nae. Ana miaka 67, yuko vizuri tu ila magoti yanamsumbua akipanda ngazi nyingi na anatumia dawa za presha.

Tumepata ofa mbili. Ya kwanza siku 8 na ratiba imejaa mpaka pomoni, Cairo, piramidi, makumbusho, Alexandria kwenda na kurudi siku hiyohiyo, halafu Luxor siku moja, Aswan, Abu Simbel, yani kila mahali pamo na bei iko chini. Ya pili siku 10, mnakaa Cairo halafu ndege mpaka Luxor, mnaingia melini mnalala humo usiku 4 mkipanda na mto mpaka Aswan na kusimama kwenye mahekalu njiani, Alexandria haimo na Abu Simbel unalipia pembeni. Hii imezidi ile nyingine kama laki nane hivi kwa kichwa.

Kaka zangu wanasema twende na ya kwanza mana tutaona vingi kwa hela kidogo, mimi nasita. Makaburini kule magoti yake yataweza? Na mkiwa kundi la watu 30 unapata kweli muda wa kuangalia au ni kukimbizana tu? Gharama gani ambazo kwenye tangazo hawaziandiki? Na mwezi, tunaweza Julai au Novemba.

Kipanga wa Ilala

Novemba, hilo halina mjadala. Julai Luxor na Aswan joto linapita nyuzi 40 na kule hakuna mti, ni mawe na mchanga na jua, mtu wa presha usimpeleke. Kuanzia Oktoba mpaka Aprili ndo watu wanaenda. Na hiyo Alexandria ya kwenda na kurudi achana nayo, ni zaidi ya kilomita 200 kila upande, siku nzima mko kwenye basi, mnashuka mnakula samaki mnapiga picha ngomeni mnageuza.

mama_wawili_Kijitonyama

Dada hongera kwa kumkumbuka mama, Mungu awabariki wote mliochanga. Mimi nilienda na wafanyakazi wenzangu na ratiba yetu ilikuwa pacha wa hiyo ya siku 8, kwahiyo naongea nilichokiona na naomba usome mpaka mwisho hata kama ni ndefu.

Ratiba ikiandika "Karnak", lile hekalu kubwa la Luxor, imekutajia jina la mahali tu, haijakwambia mtakaa pale muda gani. Hilo ndo swali la kuwauliza, tena waulize kwa maandishi. Karnak kuna ukumbi una nguzo 134, zile 12 za katikati zina urefu wa kama mita 21, na ukisimama chini yake ukainua macho, kwenye yale mawe yaliyolazwa juu ya nguzo upande wa chini ambao jua haliupigi, rangi bado ipo, bluu na nyekundu ya zamani za Seti wa kwanza na mwanae Ramses wa pili, zaidi ya miaka 3,200. Kitu kama hicho hakitaki haraka, unatakiwa ukae kitako uangalie. Sisi tulipewa dakika arobaini, nusu yake mwongozaji anaongea tumesimama juani, halafu akaangalia saa. Na asubuhi hiyohiyo tulikaa zaidi ya saa nzima kwenye duka la manukato na jingine la karatasi za mafunjo tunanyweshwa chai ya rozela. Ni mambo yaleyale ya winga wa Kariakoo, mtu akikufikisha dukani anakatiwa chake, na ndo mana safari inakuwa bei rahisi. Waulize wazi: kuna maduka mangapi kwenye ratiba na yanakula muda gani? Wakianza kuzunguka zunguka kwenye jibu umeshajua.

Magoti sasa. Bonde la Wafalme, kule Luxor kwenye makaburi ya Mafirauni, kutoka geti la wageni kuna vigari vya umeme vinakusogeza mpaka karibu na makaburi, hapo mama hatembei sana. Tiketi ya kawaida inakuingiza makaburi matatu kati ya yale yaliyofunguliwa siku hiyo, na makaburi hayafanani kabisa. La Ramses wa nne ni rahisi, unaingia karibu bila kushuka, korido pana, na dari ya chumba cha ndani wamemchora Nut mungu wa anga kajinyoosha juu yako. La Thutmose wa tatu liko juu kwenye ufa wa jabali, ngazi za chuma kupanda halafu ngazi kali kushuka, hilo mwambie apumzike kivulini. La Tutankhamun ni dogo, ngazi chache, tiketi yake unalipia pembeni, vitu vyake vya dhahabu havipo pale ila mwenyewe yupo, mwili wake umelazwa humo kwenye kioo, na kama mama alifundisha habari ya Howard Carter aliyeligundua kaburi hilo mwaka 1922 basi mlipie aingie. La Ramses wa sita nalo ni tiketi ya pembeni, mteremko wake ni wa pole pole na rangi zake mimi nilishindwa kuongea. Ukiniambia nichague moja la kulipia nachagua hilo.

Kitu kingine ambacho hatukuambiwa, mule makaburini waongozaji hawaruhusiwi kuingia na kundi wakahutubia, wanaeleza nje na picha za kwenye vitabu halafu mnaingia wenyewe. Kwahiyo kama mwongozaji kaeleza harakaharaka, ndani unaangalia ukuta mzima wa michoro hujui ni nini. Mama yako ana bahati kwasababu anaenda na elimu yake kichwani, ila wewe soma kidogo kabla hujaondoka, hata majina tu ya wale miungu, huyu mwenye kichwa cha mwewe ni Horus, huyu wa mbweha ni Anubis, utaona ukuta unaanza kuongea.

Piramidi kubwa ya Khufu msimwingize ndani. Kwa nje ndo uzuri wenyewe, mawe zaidi ya milioni mbili, zamani ilikuwa na mita 146 sasa imebaki kama 138. Ndani unapanda kwenye njia nyembamba umeinama mgongo muda mrefu, hewa nzito, watu wanashuka na nyie mnapanda humohumo, na mwisho ni chumba kitupu cha graniti na sanduku la jiwe lisilo na mfuniko, ukutani hakuna hata herufi. Mwenye magoti mabovu anateseka na anachokikuta ni hicho. Akitaka kuona kaburi lenye michoro akaingie yale ya Saqqara karibu na Cairo, ya wakubwa wa serikali ya zamani, kuta nzima wavuvi, ng'ombe wanavushwa mtoni, watu wanahesabiwa kodi, na hapohapo ipo piramidi ya ngazi ya Djoser aliyoijenga Imhotep, ndo ya kwanza kabisa. Angalia kama Saqqara imo kwenye ratiba, wengi wanairuka.

Kwa kifupi mimi nachagua ya meli. Begi mnafungua mara moja, mahekalu mnaenda asubuhi na jioni, mchana mnakula mnapumzika. Kwa mama wa miaka 67 hiyo laki nane imelala hapo.

BintiNyamagana

Dada asante sana jamani, nimemsomea mama yote neno kwa neno. Hilo la Saqqara kashangilia, ofa ya pili ipo na ya kwanza haipo. Nimewaandikia wote wawili kuhusu masaa na maduka. Wa ya pili kajibu usiku huohuo, Karnak masaa mawili na nusu, duka moja la mafunjo na si lazima kushuka. Wa ya kwanza kaandika "muda wa kutosha".

Swali la mama mwenyewe: hivi melini mtu anaumwa kama baharini? Anaogopa mana meli ya Bukoba ilishawahi kumtapisha.

Azhari Mtanga

Asalaam aleikum. Dada shikamoo ya mama ifike. Mimi niko Cairo masomoni Al-Azhar, na wageni kutoka nyumbani huwa nawasindikiza sana.

Kuhusu meli asiwe na wasiwasi, Mto Nile pale hauna mawimbi ya Ziwa Victoria, maji yametulia na meli inaenda taratibu, sehemu ya kushangaza ni Esna tu pale inapoingia kwenye lango la maji na kuinuliwa, watu wote wanatoka juu kuangalia. Ila kitu kimoja, meli zikifika Luxor au Aswan zinafungwa ubavu kwa ubavu hata nne tano, kutoka nje unakatiza kwenye ukumbi wa meli za wenzako na kuvuka vizingiti, mama ashike mkono. Na muombe chumba cha juu, vya chini dirisha liko usawa wa maji na meli ikiwa imebanwa unaangaliana na ukuta wa meli jirani.

Sasa hela. Maeneo mengi makubwa ya mambo ya kale siku hizi dirisha la tiketi halipokei pesa taslimu, ni kadi ya benki tu. Tiketi za kundi kampuni inalipa lakini zile za pembeni alizosema dada wa Kijitonyama, Tutankhamun, Ramses wa sita, kuingia ndani ya piramidi, utalipa mwenyewe, kwahiyo kabla hamjaondoka nenda benki wakufungulie kadi ifanye kazi nje ya nchi, na beba kadi mbili za benki tofauti. Pesa taslimu ya paundi ya Misri unahitaji noti ndogondogo kwa ajili ya bakshishi, huku kila mtu anategemea bakshishi, mbeba begi, wa chooni anayekupa karatasi, dereva, mwenye boti, na mlinzi wa kaburini ambaye atakuita "njoo njoo" akuoneshe kona fulani au akupige picha kisha anyooshe mkono. Si wabaya, mishahara yao ni midogo. Kama hutaki sema "la, shukran" uendelee na safari yako, ukimfuata umeshakubali kulipa. Na kwenye kundi uliza kama bakshishi ya mwongozaji na wafanyakazi wa meli imo kwenye bei au mnakusanyiwa siku ya mwisho, hii ndo gharama kubwa isiyoandikwa kwenye matangazo.

Ngamia pale Giza, mkikubaliana bei mkubaliane ni ya kupanda NA kushuka NA picha, bei ya mtu wawili au mmoja, yote kabla hajapiga magoti. Mama yako sidhani kama atataka, ngamia akiinuka anakurusha mbele kisha nyuma. Mabasi ya umeme ya ndani yapo yanazunguka kwenye vituo, panda hayo.

Jambo muhimu sana: ratiba ikisema "makumbusho" uliza makumbusho IPI. Ile ya zamani ya uwanja wa Tahrir ya mwaka 1902 bado ipo na ni nzuri, lakini vitu vya Tutankhamun, zaidi ya elfu tano pamoja na ile barakoa ya dhahabu, viko makumbusho mapya makubwa pale karibu na piramidi yaliyozinduliwa rasmi tarehe 1 Novemba 2025. Mlangoni tu unapokelewa na Ramses wa pili wa graniti mita 11, tani 83. Na mumia za wafalme haziko kote kule, ziko makumbusho mengine mtaa wa Fustat hapahapa Cairo, zilihamishwa Aprili 2021 kwa msafara wa usiku, wafalme 18 na malkia 4, nchi nzima ilikuwa kwenye televisheni. Makumbusho matatu tofauti hayo, na mji una foleni usipime. Mwalimu wa historia ukimpeleka Tahrir peke yake halafu akarudi nyumbani akaambiwa barakoa ilikuwa upande wa pili wa mji, atasikitika sana.

Wakipata jioni moja ya bure Cairo nitafute hapa nitawapeleka Al-Azhar na mtaa wa Al-Muizz, ni nyumbani kwetu huku, hakuna malipo.

Kadzo Kilifi

Hamjambo. Mie nitaongea kuhusu Aswan na Abu Simbel kwa sababu naona mmeiwacha, na dada BintiNyamagana kwenye ofa yako ya pili inalipiwa kando, usiiache tafadhali. Mie na mamangu tulienda na kundi la kanisa lililopitia kwa zile sehemu za Cairo za zamani wanakosema familia takatifu ilijificha, kisha baadhi yetu tukaendelea kusini.

Kutoka Aswan ni karibu kilomita 300 ya jangwa, basi zinatoka saa kumi alfajiri, mnapewa kiamsha kinywa kwa kijisanduku, mnalala njiani mpaka jua litoke. Ukifika huoni kitu, unaona mgongo wa kilima tu na ziwa. Unazunguka kile kilima kwa mteremko na ghafla wako mbele yako, sanamu nne za Ramses wa pili zimeketi mbele ya hekalu, kila moja mita 20, moja kichwa na kifua kimeanguka miguuni pake. Mamangu alikaa chini kwa benchi na hakusema neno. Ndani kabisa kuna sanamu nne zimeketi gizani na mara mbili kwa mwaka, tarehe 22 Februari na 22 Oktoba, jua la asubuhi hupita hekalu lote mpaka kuwafikia, isipokuwa Ptah wa ulimwengu wa wafu yeye hubaki kwa giza.

Lakini kinachofaa kujulikana na mwalimu ni kwamba pale si mahali pake pa asili. Bwawa kuu la Aswan lilipokuwa linajengwa hekalu lingezama, kwa hivyo kati ya 1964 na 1968 walilikata vipande zaidi ya elfu moja, kila kimoja tani kadhaa, wakalipandisha mita 65 juu na kulirudisha nyuma mita 200 hivi, na wakajenga kilima bandia juu yake. Hela zilitoka nchi nyingi kupitia UNESCO. Hekalu la Philae pale Aswan pia lilihamishwa, kisiwa chake kilikuwa kinazama likahamishiwa kisiwa jirani cha Agilkia, jiwe kwa jiwe. Dunia nzima iliyaokoa mawe. Watu je? Wanubi wa pande ya Misri karibu 50,000 walitolewa kwa vijiji vyao vya mtoni wakapelekwa Kom Ombo mbali na maji yao, na wenzao wa Wadi Halfa upande wa Sudan wakapelekwa mashariki kabisa Khashm el-Girba. Vijiji, mitende, makaburi ya babu zao, vyote viko chini ya lile ziwa unalopigia picha. Mwongozaji wetu hakutaja hata mara moja, alisema "wahandisi" na "teknolojia" basi. Nilimwuliza mie mbele ya kundi na ndipo akasema, tena vizuri, kumbe mamake ni Mnubi. Kwa hivyo ulizeni. Na kuna makumbusho ya Wanubi pale Aswan yaliyofunguliwa 1997, mengi ya makundi hayapiti, ombeni mpitishwe hata kwa saa moja jioni, ni tulivu na kuna picha za vijiji vile kabla ya maji.

Philae mwende na boti, kuingia na kutoka kuna kidaraja kinachezacheza, mwambie mwenye boti amshike mama. Mle angalieni ukutani misalaba iliyochongwa na Wakristo walioligeuza hekalu kuwa kanisa, na nyuso za miungu zilizodonolewa moja moja. Pia ndiko kulikopatikana maandishi ya mwisho kabisa ya hieroglifu yenye tarehe, mwaka 394. Baada ya hapo hakuna aliyejua kuyasoma hadi karne ya 19.

Chifu wa Mtwara

Naheshimu lakini naomba niulize, hizo hela mnazopeleka Misri mbona Kilwa hamwendi? Kilwa Kisiwani iko kwenye urithi wa dunia tangu 1981, Husuni Kubwa, msikiti mkuu, sarafu zilizopigwa palepale, na Watanzania wengi hawajaweka mguu. Mwalimu wa historia angeanzia nyumbani.

BintiNyamagana

Chifu uko sahihi kabisa na nashukuru umesema. Mama Kilwa kapeleka wanafunzi, walilala kwenye shule ya msingi Kilwa Masoko wakavuka na dau, na Isimila pia kawapeleka. Ndo mana na hii anaistahili.

Kadzo umemliza mama kwa habari ya Wanubi, kasema hicho hakikuwemo kwenye kitabu alichofundishia. Abu Simbel tunalipia. Kaka zangu nimewatumia uzi huu kwenye wasap ya familia wamenyamaza halafu mkubwa kaandika "haya ya meli", kwahiyo imeisha, ni Novemba.

Mama kaniambia niwaulize maswali mawili ya mwisho. La kwanza, wakati wote alifundisha kuwa malkia Hatshepsut alituma merikebu nchi ya Punt, pande zetu huku za pembe ya Afrika, je ule ukuta wenye michoro ya safari hiyo mgeni wa kawaida anaruhusiwa kuuona au ni picha za vitabuni tu? La pili, waongozaji wanaonesha Firauni wa Musa ni yupi?

mama_wawili_Kijitonyama

Mwambie mwalimu ukuta upo, uko wazi, na wengi wanaupita bila kuuona! Ni kwenye hekalu la Hatshepsut pale Deir el-Bahari, ng'ambo ya magharibi ya Luxor. Vigari vya umeme vinawafikisha karibu, halafu kuna njia pana za mteremko badala ya ngazi. Makundi mengi yanapanda moja kwa moja mpaka ghorofa ya juu zilipo zile sanamu kubwa. Nyie mkifika ghorofa ya kati msipande, geukeni KUSHOTO mkiwa mnalitazama hekalu, ingieni chini ya zile nguzo mpaka ukuta wa mwisho. Hapo ndo Punt.

Imefifia lakini ukizoea mwanga inatokea. Nyumba za watu wa Punt zimejengwa juu ya miti na ngazi ya kupandia. Mkubwa wao Parahu na mkewe Ati, mwanamke mnene mwenye mikunjo ya mwili, wamemchonga vile alivyo. Miti ya manemane imeng'olewa na mizizi yake na udongo, imewekwa kwenye vikapu, watu wanaibeba kwa mti mabegani. Nyani wanatembea kwenye kamba za merikebu. Na mwambie aangalie chini ya merikebu kwenye mstari wa maji, kuna samaki wamechongwa mmoja mmoja, na hao si wa Mto Nile, ni samaki wa Bahari ya Shamu, ndo mana wataalamu wana uhakika walipita baharini. Punt yenyewe wataalamu wengi wanaiweka kuanzia Eritrea na Sudan ya mashariki mpaka Somalia, kwahiyo mwalimu hakuwadanganya wanafunzi wake. Ataona pia sehemu zenye umbo la mtu lililokwanguliwa, huyo ni Hatshepsut mwenyewe, Thutmose wa tatu aliyetawala baada yake alimfuta baadae. Muende asubuhi mapema, hekalu linatazama mashariki, jua linaingia mpaka ukutani na joto bado.

Azhari Mtanga

La Firauni nijibu mimi. Waongozaji wengi watamtaja Ramses wa pili, wengine mwanae Merneptah, kwa kuwa watalii wanauliza kila siku. Lakini ukutani hakuna jina la Musa wala habari ya Waisraeli kutoka Misri, wala Qurani na Biblia hazikumtaja Firauni kwa jina lake. Kilichopo ni jiwe la Merneptah lililopatikana Luxor 1896, lina mstari mmoja unaotaja Israeli miongoni mwa watu aliowapiga, ni la karibu mwaka 1208 KK, na hapo ndo maandishi ya Misri yalipoishia kwenye hilo. Mwalimu akiwa pale Luxor aingie pia hekalu la mjini jioni taa zikiwaka, aangalie mlango wa msikiti wa Abu Haggag, unaning'inia juu hewani mita kadhaa kutoka sakafu ya hekalu, mana walipoujenga mchanga ulikuwa umefukia nguzo mpaka hapo na hakuna aliyejua chini kuna nini.

Na dada, kabla sijasahau, kadi ya chanjo ya homa ya manjano wataidai mkitokea kwetu. Ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, chini ya hapo haihesabiki. Mama kama ana ile ya kitambo aliyochomwa alipoenda Uganda ni ya maisha, haihitaji kurudiwa, ila aitafute kuanzia leo mana kadi hizo zina tabia ya kupotelea kwenye makaratasi.

BintiNyamagana

Kaitafuta, iko ndani ya pasipoti yake. Yangu naenda kuchoma Jumatatu. Azhari jioni yetu ya bure ni siku ya pili kabla ya ndege ya Luxor, nimekutumia ujumbe.